Kidonge kinachoongea: Ijue sakiti ndogo inayorusha habari kutoka tumboni

Hebu fikiria umefika hospitalini, daktari anakupa kidonge ukimeze na maji. Si dawa. Ndani yake mna kamera, taa, betri na mtambo wa redio, vyote vimesongamana kwenye kitu chenye urefu wa milimita 26 na upana wa milimita 11. Unavalishwa mshipi wenye kipokezi, kisha unaambiwa uendelee na shughuli zako. Kwa takriban saa nane kidonge kinateremka kwenye utumbo wako kikipiga picha na kuzirusha nje bila waya. Teknolojia hii iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2001, na imewaokoa wagonjwa wengi na mpira wa kuingizwa kooni. Tena kuna sehemu za utumbo mwembamba ambazo mpira huo ulikuwa haufiki.

Watu wengi huisifu kamera. Sawa, ni kali. Lakini bila sakiti moja ndogo ambayo haitajwi popote, picha hizo zingebaki tumboni na kuishia chooni. Sakiti hiyo inaitwa osileta.

Osileta ni nini? Ushawahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukimwachia, bembea huyumba mara kadhaa halafu inatulia kwa sababu msuguano umemaliza nguvu. Ukimsukuma kidogo kila anaporudi, kwa wakati unaofaa, bembea haisimami. Kwenye osileta, bembea ni koili na kapasita: umeme unatoka kwa huyu unaenda kwa yule, unarudi tena. Mkono unaosukuma ni transista. Kasi ya kuyumba ndiyo masafa ya wimbi, na koili au kapasita ikipungua ukubwa, kasi inapanda.

Wazo la kumeza redio si la jana. Mwaka wa 1957, Stuart Mackay na Bertil Jacobson walieleza katika jarida la Nature kidonge chao cha redio kilichotumia transista moja tu. Ujanja wao ulikuwa huu: hawakuweka kihisio upande huu na redio upande ule. Osileta yenyewe ndiyo iliyokuwa kihisio. Shinikizo la tumboni likibadilika, kiini cha koili kinasogea, masafa yanabadilika, na mtu aliye nje na redio anajua kinachoendelea ndani. Transista moja! Leo simu yako ina mabilioni ya transista na bado inakwama ukifungua WhatsApp.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe ya kubuni, maana hapa ndipo mambo huwa magumu.

Tuseme unataka osileta ya megahezi 400, na kapasita uliyo nayo ni ya pikofaradi 2. Ukipiga hesabu utahitaji koili ya nanohenri 79 hivi. Koili ya namna hiyo haiingii kwenye chipu, itabidi ikae nje na ile nafasi. Ukipanda hadi gigahezi 2.4, yale yale masafa ya Bluetooth, masafa yameongezeka mara sita na koili unayohitaji imepungua mara 36. Inabaki nanohenri 2.2 tu. Hiyo unaichora juu ya chipu yenyewe, mizunguko michache ya chuma ndani ya eneo lisilofika nusu milimita. Ndiyo maana wabunifu wanakimbilia masafa ya juu: kifaa kinakuwa kidogo.

Raha sana, ila mwili wako haukubali. Sehemu kubwa ya mwili ni maji yenye chumvi, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo misuli inavyoyameza mawimbi. Kwa hivyo kile unachookoa kwenye koili unaweza kukipoteza njiani kabla wimbi halijatoka nje ya ngozi. Kwa vifaa vinavyopandikizwa mwilini, kuna masafa yaliyotengwa kati ya megahezi 402 na 405. Huko mawimbi yanapenya vizuri kiasi, na antena bado inaweza kutoshea. Jirani wanaoshiriki masafa hayo ni vipima hewa vinavyopaa na puto za utabiri wa hali ya hewa, kama zile zinazorushwa kutoka Dagoretti, Nairobi. Ili wasisumbuane, kifaa cha mwilini hakiruhusiwi kurusha zaidi ya mikrowati 25.

Nafasi yenyewe imegawanywa katika vijia vya kilohezi 300. Kapasita yako ikibadilika kwa asilimia 1 tu kwa sababu ya joto la mwili, masafa yanahama kwa asilimia nusu, yaani megahezi 2. Umeruka vijia sita! Kipokezi kinasikiliza mahali ambapo hujafika, na data ya mgonjwa inapotea. Hivyo osileta hufungwa kamba na fuwele ya kwatzi, ambayo haiyumbishwi ovyo. Shida ni kwamba fuwele inakula nafasi, na huchukua muda kuamka. Wapo wanaojaribu kuiondoa kabisa. Kwa maoni yangu huo ndio uwanja wenye maswali matamu zaidi kwa kijana anayetafuta mradi wa chuo.

Halafu kuna betri, na hapa usicheze. Betri ya duara aina ya CR2032 hubeba takriban miliampia-saa 225. Sakiti ikinyonya miliampia 1 mfululizo, betri inaisha kwa siku tisa. Ukiilaza sakiti na kuiamsha kwa asilimia 1 tu ya muda, kwenye karatasi unafika miaka miwili na nusu. Simu ikizima unatafuta chaja. Kifaa kilichopandikizwa kifuani kikizima, mgonjwa anarudi chini ya kisu.

Je, unaweza kujaribu nyumbani? Ndiyo, ila anza chini. Shuka Luthuli Avenue, nunua transista ya BC547 au 2N3904, koili iliyo wazi ya mikrohenri 100 na kapasita mbili za pikofaradi 470. Uunge mchoro unaoitwa Colpitts, kwa betri, usiguse stima ya ukutani. Kabla ya kununua, ijaribu sakiti kwenye programu ya bure kama LTspice. Bredibodi itakutosha kwa masafa haya. Ukipanda juu ya megahezi 10 hivi, vile vibanzi vyake vya chuma vinajifanya kapasita na kuharibu hesabu zako zote, hapo uende kwenye bodi ya kulehemu. Usikaribie megahezi 88 hadi 108, hizo ni za stesheni za FM na zina wenyewe.

Vipimo hivyo vinakupa takriban megahezi 1. Chukua redio ya zamani ya AM, iweke karibu, izungushe polepole karibu na 1040. Mahali ambapo mchakacho unanyamaza ghafla, hiyo ndiyo osileta yako. Kisha sogeza kipande cha feriti karibu na koili. Ukimya utahama, itabidi uizungushe redio upya kuutafuta, na kadiri feriti inavyokaribia ndivyo utakavyoukuta chini zaidi.