Filamu za kutazama sebuleni na mama

Kila shule zikifungwa, jamaa na majirani huniuliza swali lile lile: tutazame filamu gani? Nami kabla ya kujibu huwauliza: mtaketi na nani? Nyumba zetu nyingi huku Pwani zina runinga moja, na mbele yake hukaa bibi, mama, shemeji na mtoto wa darasa la pili. Ikitokea picha ya aibu, mmoja hurukia rimoti, mwingine hukumbuka ghafla kuwa ameacha chai motoni. Mwishowe kila kijana hujifungia chumbani na simu yake. Hilo hunikera kuliko filamu zenyewe, kwa sababu mtoto anayetazama peke yake hana wa kumuuliza alichokiona.

Basi hizi hapa ni zile ninazozipenda, na wa kutazama nao.

Kama kuna wazee, wekeni Sholay ya mwaka 1975. Wazee wetu walikulia kwenye senema za Kihindi, na wapo wasiojua neno la lugha hiyo ila nyimbo wanaziimba mwanzo hadi mwisho. Wezi wawili, Dharmendra na Amitabh Bachchan, wanaajiriwa na afisa wa polisi aliyestaafu ili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Ni ndefu, inapita saa tatu, kwa hivyo pikeni kwanza. Vijana waliozoea filamu za mapigano za siku hizi wataona wapi mambo mengi yalikotoka.

Mwezi wa Ramadhani mimi hupendekeza The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, inayosimulia mwanzo wa Uislamu. Wengi wameiona vipande vipande bila kujua jinsi ilivyotengenezwa. Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Kamera husimama mahali pake, na watu huzungumza wakiielekea. Pia ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila lugha na waigizaji wake: Hamza ni Anthony Quinn katika moja na Abdullah Gaith katika nyingine. Anayefahamu Kiarabu aitafute hiyo ya pili. (Ajabu ni kwamba Akkad huyo huyo alikuwa mmoja wa waliosimamia filamu za kutisha za Halloween. Hizo msiwawekee watoto.)

Kwa watoto sijaona inayoshinda Children of Heaven, ya Majid Majidi wa Iran, 1997. Ali anapoteza viatu vya dadake Zahra akitoka navyo kwa fundi. Baba hana pesa, nao wanaogopa kumwambia. Wanakubaliana kuvaa raba za Ali kwa zamu: Zahra asubuhi, kisha anakimbia vichochoroni amvulie kakake aliye na zamu ya mchana. Siku moja raba kubwa inamchomoka Zahra ikaenda na maji ya mtaro. Hakuna bunduki wala mhalifu, lakini utaona watoto wamekaa ukingoni mwa kiti. Baadaye Ali anaingia mbio za shule akitaka nafasi ya tatu tu, maana zawadi yake ni viatu. Yatakayotokea siyasemi. Mtoto aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya sare ataielewa bila kusoma yale maandishi ya chini.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, ni ya kwetu Kenya: msichana mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi anatamani kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinamsaidia. Wekeni leso karibu.

Ninayoomba akina baba waitazame na binti zao ni Subira ya Ravneet Chadha, pia ya 2018. Subira ni msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, na desturi inamkataza. Anapokua anaozwa kwa ndoa ya kupangwa na kupelekwa Nairobi, na ile hamu ya maji haimtoki. Kuna watakaosema filamu hii inatutukana. Mimi sioni hivyo. Tumezungukwa na maji, tunavuka kwa feri na mashua, na bado wasichana wetu wengi hawajui kuogelea. Aliyekuwa mtu mzima Mombasa mwaka 1994 anaikumbuka feri ya Mtongwe na mamia ya waliozama. Stara ina njia zake: kuna mavazi, kuna saa za wanawake peke yao, kuna fukwe za faragha. Mjadala huo tuufanye sebuleni, binti mwenyewe akisikia na akijibu.

Ya mwisho ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza: Yasmin amekimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge, kijana mpinga ukoloni. Utasikia Kiswahili cha visiwani kikizungumzwa jinsi kinavyozungumzwa, na vichochoro vyake utadhani ni vya Mji wa Kale. Ina mapenzi ndani yake, kwa hivyo hii subirini watoto walale.