Mnyororo Unapovuta kwa Ubavu

Rigi inayoelea ya kuchimba mafuta hushikiliwa juu ya kisima kwa nanga, mara nyingi 8, zilizotandazwa pande zote. Kila nanga hupelekwa na meli ya huduma, inayoivuta kilomita kadhaa huku rigi ikiachia mnyororo, kisha kuishusha hadi chini ya bahari. Hapo mzigo mkubwa zaidi ni mnyororo, si nanga. Mita moja ya mnyororo wenye unene wa milimita 76 ina kilo 126 hivi. Penye kina cha mita 1,100, kipande kinachoning'inia wima tu kina zaidi ya tani 120, hata maji yakishakipunguzia uzito.

Meli hizi zimeundwa kuhimili uzito huo, mradi uvute kwa nyuma, katikati ya tezi. Hatari huingia mkondo na upepo vinapoisukuma meli nje ya mstari wake. Hapo mnyororo huanza kuvuta kwa ubavu. Nahodha huwasha propela za pembeni kupambana na mkondo, lakini umeme wa propela hizo mara nyingi hutoka kwenye injini zilezile zinazovuta mzigo, kwa hiyo nguvu ya kwenda mbele hupungua wakati inapohitajika zaidi.

Tarehe 12 Aprili 2007, magharibi ya visiwa vya Shetland, Bourbon Dolphin ilikuwa ikipeleka nanga ya mwisho ya rigi Transocean Rather. Ilikuwa meli mpya ya Norway, iliyokamilika 2006. Ikapelekwa na mkondo kuelekea mstari wa nanga ya jirani, na meli ya pili iliyokuja kusaidia ikashindwa kuunyanyua mnyororo. Kwenye tezi, mnyororo ulikuwa umeegemea pini ya chuma inayouzuia usihame. Pini hiyo ikateremshwa. Mnyororo ukaruka hadi pini ya nje upande wa kushoto, na tani zote zile zikawa zinavuta ukingoni mwa meli badala ya karibu na katikati. Meli ikalala, ikainuka, ikalala tena, ikapinduka. Kati ya watu 15, 8 walikufa.

Kitufe cha dharura kilibonyezwa, lakini winchi iliachia mnyororo polepole mno. Naona hili ndilo jambo ambalo kila anayepanda meli hizo angepaswa kuelezwa mapema: kuachia kwa dharura hakumaanishi mzigo kutoweka papo hapo.

Tume ya uchunguzi ya Norway, katika ripoti yake ya 2008, haikumtwisha lawama mtu mmoja. Ilionyesha mfululizo wa upungufu, kuanzia usanifu wa meli hadi mpango wa kuhamisha rigi na makabidhiano ya haraka kwa nahodha aliyekuwa mgeni melini humo. Kwangu, pengo zito kuliko yote lilikuwa la hesabu: hapakuwa na jedwali la kumwonyesha nahodha, kwa kila pembe ya mnyororo, ni tani ngapi meli inaweza kustahimili kabla ya kulala. Bila hesabu hiyo, hana kipimo cha kumwambia msimamizi wa rigi kwamba kazi isimame sasa hivi.