Gari Lisiloona Kadi

Jamaa nyingi za Lubumbashi zina ndugu Ubelgiji, na barua zao huleta mambo ya kustaajabisha. Mama mdogo wangu, asiyeweza kutembea bila mikongojo, alitozwa faini kwa kuegesha gari kando ya barabara, ingawa kadi yake ya walemavu ilionekana wazi nyuma ya kioo.

Imekuwaje? Katika miji kadha ya huko hupita gari lenye kamera. Lenyewe husoma namba za magari tu, kadi halioni. Nayo kadi ni ya mtu, wala si ya gari: hata akichukuliwa na jirani, humfuata. Ni ya buluu, ya namna moja katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa shauri lililotolewa mwaka 1998. (Lakini si kila mji humsamehe mlemavu ada ya kuegesha, yampasa aulize kwanza.)

Mama hakulipa. Aliandika barua upesi, akataja namba ya faini, siku na mahali, akatia nakala ya kadi, mbele na nyuma. Faini ikafutwa.

Mwanawe alimwuliza, “Mama, mbona usilipe tu? Fedha zenyewe ni chache.”

Akamjibu, “Mwanangu, kesho gari lile litapita tena.”