Dalali Anaijua Nyumba, Hati Ikague Mwenyewe

Picha za fleti ya vyumba viwili Upanga, ghorofa ya nne, zinaweza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp wiki nzima. Zinatoka kwa dalali aliyekabidhiwa nyumba, zinafika kwa mwenzake, kisha kwa mwingine wa Kinondoni ambaye hata ngazi za jengo hilo hajawahi kuzipanda. Kila zinapopita, mtu anaweka cha juu. Mnunuzi wa mwisho anatajiwa bei ambayo mwenye nyumba hajawahi kuitamka.

Siwasuti madalali. Dar es Salaam bila wao ungezunguka mitaa mpaka soli ziishe. Ila kabla hujatoa hela ya kuonyeshwa, muulize: nyumba umepewa na nani? Aliyepewa na mwenyewe atampigia simu mkiwa mmesimama hapohapo. Asiyejua ataanza kusema bosi yuko safarini.

Na ukimpata aliyelizoea jengo, mtumie vizuri, maana anajua mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote. Muulize kila fleti ina LUKU yake au mnachangia mita. Jenereta linawasha lifti, au taa za korido tu? Maji ya DAWASA yakikatika, tangi linatosha siku ngapi? Ada ya mwezi ya ulinzi na usafi ni kiasi gani, na huyu anayeuza anadaiwa? Kisha rudi pale saa moja jioni, watu wakiwa wametoka kazini, ufungue bomba la jikoni uone maji yanatoka kwa nguvu gani. Zungumza na mlinzi. Yeye anajua lifti ilikwama lini, na nani alikaa ndani saa ngapi.

Upande wa karatasi ndiko ninakosisitiza usimwachie dalali. Yeye analipwa nyumba ikiuzika. Isipouzika, amepoteza nauli na muda. Hata awe mwaminifu vipi, huwezi kumtaka awe mlinzi wa pesa zako.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya 2008, ndiyo iliyowezesha kila fleti kuwa na hati yake, pamoja na fungu la mwenye fleti katika ngazi, paa, lifti na uwanja. Lakini yapo majengo ambayo mpaka leo yana hati moja tu, ya kiwanja kizima. Kwa hiyo dalali akikwambia “hati ipo”, uliza: hati ya fleti au ya kiwanja? Ukinunua fleti isiyo na hati yake, utapata shida hata ya kuiweka rehani benki. Angalia pia miaka iliyobaki, kwa sababu ardhi yetu inamilikiwa kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99.

Wakili wako, aliyetafutwa na wewe na si na dalali, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati aone kama kuna rehani au zuio. Kama muuzaji ana ndoa na fleti ndiyo makazi ya familia, mwenzi wake lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Mauziano ya maneno matupu nayo hayakusaidii mahakamani, hata kama mashahidi ni ukoo mzima.

Ujira wa dalali nao uandikwe mapema: asilimia ngapi, analipa nani, na lini. Ningependa sehemu kubwa ilipwe baada ya uhamisho kusajiliwa, wala si siku ya kusaini. Wapo wanaokubali, hasa wanaotegemea kuletewa wateja na wateja wao wa zamani. Hao ndio wa kutunza namba zao.