Dawa za wazee zisikatike magonjwa yanapolipuka

MLIPUKO wa Marburg uliotangazwa wilayani Bukoba Machi 21, 2023 uliua watu 6 kati ya 9 waliougua, hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2. Wakati kama huo wengi huogopa kliniki, na dawa za mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu hukatika.

Familia za Bukoba na Muleba zinazotunza wazee nyumbani zihesabu vidonge kila wiki, kama mwenye duka anavyohesabu bidhaa. Zikibaki za wiki mbili, mtu aende kliniki na daftari la dozi, aombe za miezi kadhaa. Kupunguza dozi ili zifike ni hatari. Nauli ni ndogo kuliko gharama za kuuguza mgonjwa aliyelazwa huku kahawa ikisubiri kuchumwa.