Siku Moja Chini ya Mlima wa Moto

Katika bara la Amerika ya Kusini iko nchi iitwayo Ekuador, ambayo imepewa jina lake kutokana na Ikweta, mstari ule ule unaopita Uganda, Kenya na Kongo. Katika nchi hiyo, umbali wa saa tatu na nusu hivi kwa gari kutoka Quito, mji mkuu, umo mji mdogo uitwao Baños de Agua Santa, yaani Mabafu ya Maji Matakatifu. Mji huo umejengwa kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, juu ya bonde la mto Pastaza, chini kabisa ya mlima wa volkano uitwao Tungurahua, wenye kimo cha mita 5,023. Wenyeji huuita mlima huo Mama, ingawa ni mama mwenye hasira.

Mwandishi wa makala hii alipata bahati ya kufika huko mwezi wa Novemba 2018, akaungana na kundi la wageni kwa matembezi ya siku moja. Tulikuwa watu kumi na tisa. Najua hesabu hiyo vizuri kwa sababu kiongozi wetu, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alituhesabu kabla ya safari kuanza, na baadaye akatuhesabu kila tuliposimama, akimgusa kila mmoja begani.

Gari lenyewe huitwa chiva. Ni lori lililofungwa viti vya mbao, pande zake zikiwa wazi, nalo limepakwa rangi za kila namna na kuning'inizwa vipaza sauti. Barabara huteremka kuelekea mji wa Puyo na misitu ya Amazoni, ikipita kwenye mapango yaliyochimbwa mlimani, na kwenye bwawa la Agoyán, ambalo tangu mwaka 1987 limekuwa likizalisha umeme kwa nguvu za maji ya Pastaza. Maporomoko ya maji huonekana kushoto na kulia, hata watu wameiita njia hiyo Njia ya Maporomoko.

Kituo cha kwanza kilikuwa mahali ambapo kijigari cha chuma huvuka bonde kwa kuning'inia kwenye waya. Penye daraja la mbele yake, vijana hufungwa kamba na kujirusha chini, wakabaki wakibembea juu ya mto. Kijana mmoja katika kundi letu aliona fahari kutaka kujirusha bila kusubiri kamba yake ikaguliwe mara ya pili. Kiongozi alimzuia bila kupandisha sauti. Alisema kwamba mtu aliyekaguliwa mara mbili hapungukiwi ushujaa, ila mtu aliyeanguka hukaguliwa na daktari. Kijana alinyamaza, akakaguliwa, akajirusha, akarudi akicheka. Mama mmoja aliyekataa kujirusha hakulazimishwa wala kuchekwa na mtu.

Adhuhuri tulifika kwenye poromoko kubwa kuliko yote, Pailón del Diablo, maana yake Chungu Kikuu cha Shetani. Maji huanguka kimo cha karibu mita 80 kwa kishindo ambacho hukufanya useme na jirani yako kwa ishara. Njia ya kushuka ni ya ngazi na utelezi, na mwisho wake mtu hutambaa katika ufa wa mwamba mpaka karibu na maji yenyewe. Tulitoka tumelowa chepechepe. Tulihesabiwa: kumi na tisa.

Kwa ajili ya wasomaji wetu wa ukurasa wa jikoni, sina budi kutaja chakula. Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa maji baridi aliyekaangwa, pamoja na wali na ndizi. Sokoni nilimwona cuy, mnyama mdogo mfano wa panya mnene, akichomwa mzima juu ya makaa, naye huheshimiwa sana karamuni. Milangoni mwa maduka vijana husimama mbele ya kigingi cha mbao, wakivuta na kurudisha utepe wa sukari ya miwa iliyochemshwa, mpaka rangi yake ya kahawia igeuke kuwa nyeupe kama maziwa. Tofi hiyo huitwa melcocha. Yeyote anayeijua sukari guru ya kwetu angeitambua ladha yake mara moja.

Alasiri tulipanda mlimani, mpaka kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mti, yenye pembea inayombeba mtu nje juu ya genge, Tungurahua ukiwa mbele yake. Leo wageni hupanga mstari ili wapigwe picha hapo. Lakini nyumba hiyo haikuwa ya mchezo tangu mwanzo. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiulinda mlima kwa macho. Hapo ndipo nilipomwuliza kiongozi wetu kwa nini anapenda sana kuhesabu watu.

Alinieleza kwamba mwezi wa Oktoba 1999, mlima ulipoanza kutoa moshi na majivu, serikali iliamuru mji wote uhamwe, na watu wapatao 25,000 wa mji na vijiji vya jirani wakaondolewa. Jeshi lilifunga barabara. Yeye alikuwa kijana. Katika pilikapilika za kupakia magodoro na watoto, babu yake aliomba ruhusa ya kwenda kuwaaga ng'ombe wake wawili. Lori likaondoka. Walipofika mbali ndipo walipohesabiana, wakakuta babu hayumo. Kwa karibu miezi mitatu mama yake hakujua kama baba yake yu hai.

Wakati huo wote mlima uliunguruma, lakini mji haukuteketea. Watu waliishi katika makazi ya muda, bila kazi wala mapato. Mwezi wa Januari 2000 walichoka, wakarudi kwa nguvu, wakipambana na askari waliowekwa kuwazuia. Babu alikutwa hai, amekonda, akiwa na ng'ombe mmoja.

Nilimwuliza ni nani aliyekosea, askari au raia. Alifikiri kwanza. Alisema askari walitii amri iliyotolewa kwa nia njema, na raia walikuwa na njaa. Kilichokosekana ni neno la kuaminiana kati yao. Baada ya hapo lilipatikana. Wakulima waliokaa miteremkoni walipewa redio za upepo, wakawa walinzi wa kujitolea, wakitoa taarifa kwa wataalamu wa volkano juu ya kila mngurumo na kila wingu la majivu. Mwezi wa Agosti 2006 mlima ulipolipuka kwa nguvu, watu kadhaa walikufa katika miteremko ya magharibi, lakini wengine wengi waliokoka kwa kuwa walionywa na watu waliowafahamu. Tangu mwaka 2016 mlima umetulia.

Nilipomsikiliza niliwakumbuka jirani zetu wa Goma, waliokimbia Nyiragongo mwaka 2002, nao pia wakarudi upesi majumbani mwao. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kupenda kwake. Anayemwondoa, awe askari au polisi, na amweleze sababu, na amhesabu pamoja na wazee wake.

Jioni tulioga katika maji ya moto yatokayo chini ya mlima ule ule. Kiongozi alisimama ukingoni mpaka mtu wa mwisho alipotoka majini. Kisha akatugusa mabegani mmoja mmoja, akafika kumi na tisa, akatuaga.