Shylock mbele ya msomaji: nani amesema, na mbele ya nani

Mhusika wa tamthilia, tofauti na yule wa riwaya ambaye msimulizi anaweza kuingia moyoni mwake na kumweleza msomaji kila anachowaza, hujulikana kwa kauli na matendo tu. Kwa hiyo anayemhakiki hana budi kupima kila kauli kwa kuuliza ni nani aliyeitamka, mbele ya nani na kwa shabaha gani. Mfano unaofaa ni Shylock, Myahudi mkopesha fedha katika tamthilia ya William Shakespeare iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1600, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Jina hilo lenyewe tayari ni hukumu, kwani la Kiingereza hutaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, ilhali Mwalimu, miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, alichagua wingi, tena kwa neno zito.

Shylock hutokea katika maonyesho 5 tu kati ya 20, na mengi yajulikanayo juu yake husemwa na wengine. Hudaiwa mara nyingi kwamba alipenda fedha kuliko binti yake Jessica, aliyetoroka na Lorenzo pamoja na mali ya baba yake, na ushahidi unaoletwa ni onyesho la 8 la sehemu ya pili, anaposimuliwa akipiga kelele mitaani, akiwalilia binti na fedha kwa pumzi moja. Lakini Shylock hayumo kabisa katika onyesho hilo. Anayesimulia ni Solanio, rafiki wa Antonio, anayemwigiza kwa kejeli ili mwenzake acheke. Huo ni ushahidi wa kuambiwa, tena kutoka kinywani mwa hasimu, na haufai kusimama peke yake.

Mambo huwa magumu katika sehemu ya tatu, ambapo Shylock anatamka mwenyewe kwamba heri binti huyo angekuwa maiti miguuni pake, vito vikiwa masikioni. Anayemwonea huruma hushawishika kuiruka kauli hiyo, na kuiruka ni udanganyifu. Hata hivyo, punde si punde Tubal, Myahudi mwenzake, anamwarifu kwamba Jessica ametoa pete ili apate nyani, na Shylock anaumia kwa sababu pete hiyo alipewa na mkewe Leah kabla hajamwoa, wala asingeibadilisha hata kwa msitu mzima wa nyani. Hapo hapimi bei.

Ushahidi mzito zaidi ni maneno ya kando, yaani yale ambayo hadhira huyasikia lakini wahusika wengine jukwaani hawayasikii, kwa kuwa msemaji hana wa kumhadaa. Kwa maneno ya namna hiyo Shylock anakiri kwamba anamchukia Antonio kwa Ukristo wake, na zaidi kwa kuwa hukopesha bila riba na kushusha kiwango cha riba mjini. Baadaye anamkumbusha Antonio ana kwa ana jinsi alivyomtemea mate na kumwita mbwa. Mtu angeweza kushuku kwamba hizo ni mbinu za biashara, kama Antonio asingejibu kwamba huenda akayarudia yote hayo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Shylock ameonewa, na ni mkatili. Mahakamani ana kisu na mizani tayari kwa ratili moja ya nyama ya mdaiwa wake Antonio, iliyowekwa rehani katika hati ya mkopo, na anakataa kuleta tabibu kwa kuwa hati haikutaja tabibu. Kesi inapomgeukia, Antonio ndiye anayeshurutisha abatizwe na kuwaandikia Lorenzo na Jessica urithi wa mali yake. Sehemu ya tano humalizika bila yeye kuonekana tena jukwaani. Inayofika ni hati ya urithi.